Tezi au Omo: Mota ya Umeme Ifungwe Wapi kwenye Boti ya Pontoni?

Eldoret, jiji tangu Agosti 2024, linajulikana kwa wanariadha, mahindi na ngano. Ziwa halina. Mto Sosiani unaolikatiza hauwezi kubeba boti ya watu wanane. Lakini mafundi wake wa jua kali huchomelea matrela, matangi na majukwaa kila siku, na boti bapa inayoelea juu ya mapipa haina kiungo ambacho mikono hiyo haijawahi kukiunga. Ikifunguliwa vipande na kupakiwa kwenye lori, hupita Iten, huteremka Tambach, huvuka Mto Kerio pale Chebloch, hupanda hadi Kabarnet na kushuka tena Marigat, mpaka Ziwa Baringo.

Mjadala huu umepangwa kwa sauti nne za kubuni, na boti yao ni ya kubuni vilevile. Ziwa, upepo na hesabu ni vya kweli. Mwalimu ni mstaafu anayetaka kuwapeleka watazamaji wa ndege ziwani. Fundi ndiye atakayeichomelea boti. Nahodha amekulia Kampi ya Samaki na ameendesha boti za wageni kwa miaka mingi. Kijana anafunga sola na betri mjini.

MWALIMU: Karibuni, na chai isipoe. Boti yangu mnaijua: fremu ya chuma cha mraba, mapipa ya plastiki ya lita 200, manane kulia na manane kushoto, sitaha ya mbao, uzio wa kufika kiunoni, turubai juu, lango la abiria mbele. Nyuma pana injini ya petroli ya nguvu farasi 15. Ninataka kuongeza mota ndogo ya umeme, ile ya kusogea taratibu bila kelele. Sijauliza ya kampuni gani. Ninauliza ifungwe wapi.

FUNDI: Nyuma, Mwalimu, kando ya injini. Hapo tayari nimeweka chuma kinene cha kubeba injini, kwa hiyo sihitaji kuimarisha mahali pengine. Nahodha ameketi karibu, ataishika kwa mkono. Mbele kuna lango, kuna abiria wanaopanda na kushuka, kuna mtoto atakayetaka kuichezea. Na tangu niijue mitumbwi ya Ziwa Victoria, mashine hukaa nyuma. Wavuvi wa Kisumu na Homa Bay si wajinga.

NAHODHA: Si wajinga hata kidogo, Fundi, ila mtumbwi wa Victoria ni mrefu, mwembamba, na mkuku wake unakata maji. Ukiusukuma kwa nyuma unakwenda ulikoulekeza. Boti ya Mwalimu haina mkuku. Inaelea kama meza. Uzio na turubai vinashika upepo kuliko mapipa yanavyoshika maji. Ukiisukuma polepole kwa nyuma, upepo wa alasiri unaichukua pua na kuipeleka unakotaka wenyewe. Utaikunja mota kulia, pua inarudi. Utaiachia kidogo, pua imekimbia tena. Saa nzima unapigana na usukani, na mgeni hajaona ndege hata mmoja.

FUNDI: Si nguvu tu hiyo? Nunua mota kubwa zaidi.

KIJANA: Nguvu haitibu hilo, Fundi. Tazama mkokoteni hapo sokoni. Anayeshika mikono yake mbele ndiye anayeuelekeza. Anayesukuma kwa nyuma anaongeza nguvu tu. Mota ikiwa mbele inaivuta boti, na sehemu yote iliyobaki inafuata. Mota ikielekezwa kwenye upepo, upepo wenyewe unaisaidia: unaisukuma sitaha nyuma ya mota, na boti inajinyoosha. Mota ikiwa nyuma, upepo uleule unajaribu kuigeuza boti kichwa kuwa mkia.

MWALIMU: Kabla hatujafika mbali, hebu nieleweshwe. Mota hizi zilitoka wapi na zilikusudiwa nini?

KIJANA: Marekani, Mwalimu. Mwaka 1934, kule Fargo, North Dakota, O. G. Schmidt alichukua mota ya kuwashia gari la Ford Model A, akaiunganisha na shafti na propela. Kampuni iliyozaliwa hapo ikaitwa Minn Kota, kwa kuwa ilikuwa mpakani mwa Minnesota na North Dakota. Kusudi lilikuwa kumpa mvuvi mwendo wa taratibu usiofukuza samaki. Nguvu yake hupimwa kwa pauni za msukumo, si kwa nguvu farasi. Kanuni ya wauzaji ni kwamba msukumo usipungue asilimia 2 ya uzito wote wa boti na mzigo wake.

MWALIMU: Hesabu yangu basi?

KIJANA: Pipa la lita 200 likizama lote linainua karibu kilo 190 ukishaondoa uzito wake lenyewe. Mapipa 16 ni kama tani 3. Boti yako na abiria wanane, injini, mafuta na betri tuseme ni tani 1.5, yaani mapipa yanazama nusu. Hapo ni salama. Asilimia 2 ya kilo 1,500 ni kilo 30, au pauni 66. Mota ya pauni 80 inayotumia volti 24 inatosha, na inabakiza akiba kidogo ya upepo. Itakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

FUNDI: Mwendo wa mtu anayetembea, na ziwani mna viboko! Nahodha, kiboko akiamua kukufuata utamwambia asubiri?

NAHODHA: Ndiyo maana injini ya petroli haiondoki nyuma, na huwa tayari kuwashwa. Hiyo ndiyo ya kukimbilia. Hii ya umeme si ya safari. Kutoka gatini hadi visiwani, Ol Kokwe au kwingine, utatumia petroli. Ya umeme unaiteremsha ukishafika.

MWALIMU: Ukishafika, unafanya nini nayo?

NAHODHA: Unasimama. Hapo ndipo pa kuelewana kabla hatujabishana mambo mengine. Nikupe kazi yetu ya kila asubuhi. Furukombe yuko juu ya mti mkavu. Ninachukua samaki mdogo, ninampenyezea kijiti chepesi ili aelee, ninapiga mluzi, ninamrusha. Ndege anaruka, anashuka, ananyakua, anaondoka. Yote hayo ni sekunde chache. Mgeni ana kamera; anataka jua liwe mgongoni kwake na ndege awe mbele, si nyuma ya nguzo ya turubai. Boti ikizunguka kidogo tu wakati huo, picha imeharibika na samaki wangu ameliwa bure. Ninachohitaji ni pua ikae pale nilipoielekeza, kimya, kwa dakika tano.

KIJANA: Na baadhi ya mota za siku hizi zina kipokezi cha mawimbi ya setilaiti ndani. Unabonyeza kitufe, mota inajigeuza na kujisukuma yenyewe ili boti isitoke mahali pake. Ni kama nanga isiyogusa chini. Nyingi za aina hiyo zimeundwa kufungwa mbele, kwa sababu hiyohiyo ya upepo. Ukitaka kitu hicho, nafasi yako ya kuchagua imeshapungua.

FUNDI: Ngojeni kwanza. Nahodha ametaja miti mikavu. Mwalimu, tangu ziwa lile lianze kupanda zaidi ya miaka kumi iliyopita, limemeza migunga, nyua za watu, hoteli na hata majengo ya shule. Vigogo vimesimama chini ya maji ya rangi ya udongo, havionekani. Sasa mnaninunulia mota ya bei, mnaining'iniza mbele kabisa ya boti, iwe ya kwanza kukutana na kila kisiki. Nyuma angalau kuna mapipa yanayoitangulia.

NAHODHA: Mapipa yako yako kulia na kushoto, Fundi. Katikati kuna njia tupu ya kutoka mbele hadi nyuma. Kisiki kinachopita katikati hakigusi pipa, kinakwenda moja kwa moja hadi kwenye mota ya nyuma, na mimi sikioni kwa sababu kiko chini ya sitaha. Mota ya mbele ninaiona, na abiria anaiona. Penye miti ninaipandisha.

FUNDI: Siku moja utasahau.

NAHODHA: Siku moja nitasahau. Ndiyo maana nataka mkono wa kuifungia uwe wa kulegea ukigongwa, na bamba la chini lising'oke na kuondoka na ubao wa Mwalimu.

FUNDI: Hapo sasa umesema neno la fundi. Mota yenye shafti ndefu ikigongwa chini inatumia urefu wote huo kama mtaimbo. Boliti zilizoshika mbao peke yake zitatoka na vipande vya ubao. Kama ni mbele, basi nitaweka bamba la alumini la milimita 6 juu ya sitaha, na bamba jingine chini ya mbao, likiungana na fremu, boliti nne za chuma kisichoshika kutu zikipita yote mawili, na nati za kujikaza zisizolegea kwa mtikisiko. Kati ya chuma na alumini nitatia mpira, maana vyuma viwili tofauti vikikutana penye maji, kimoja kinamla mwenzake.

MWALIMU: Kwa hiyo umekubali mbele?

FUNDI: Nimekubali kuimarisha mbele, Mwalimu. Kukubali ni kitu kingine. Kuna njia ambayo hamjaitaja. Mota nyingine hufungwa kwenye injini yenyewe, juu ya bamba lile lililo juu ya propela ya petroli. Inageuzwa kwa usukani uleule. Sitaha inabaki tupu, hakuna shafti ya kumkwaza mtu, hakuna bamba, hakuna tundu la kutoboa.

KIJANA: Ninazifahamu, na kwa boti nyingi za pontoni zenye uzio uliofungwa mbele ni jibu zuri. Lakini zina mambo matatu. Injini inayonyanyuliwa inanyanyua na mota, kwa hiyo petroli haiwezi kutoka majini wakati umeme unafanya kazi. Injini ikishika kasi, mota inakokotwa majini. Na upande wa upepo tumerudi palepale: inasukuma kwa nyuma.

MWALIMU: Katikati je? Tutoboe sitaha kama kisima, mota ishuke kati ya safu mbili za mapipa.

NAHODHA: Itaisogeza boti, Mwalimu, ila haitaigeuza vizuri. Ukitaka kugeuza kitu kirefu unakishika ncha, si kiunoni. Na kisiki kikikwama hapo, nani atazama kukitoa? Ziwa lina mamba.

MWALIMU: Basi katikati tumepaacha. Lakini Nahodha, nikusikie juu ya lile jahazi la twiga. Wengi walionisikia nikitaja pontoni Baringo walianza na hadithi hiyo.

NAHODHA: Si hadithi. Maji yalipopanda, rasi ya Longicharo ilikatika ikawa kisiwa, na twiga wakabaki humo. Watu wa hifadhi ya Ruko pamoja na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), Northern Rangelands Trust na Save Giraffes Now walijenga jahazi la chuma la mstatili juu ya mapipa 60 matupu, na kuta zilizoimarishwa ili twiga asiruke nje. Wa kwanza, Asiwa, alivushwa Desemba 2, 2020. Wa mwisho, Ngarikoni na mtoto wake Noelle, walivuka Aprili 12, 2021. Jahazi lilisogezwa na boti.

FUNDI: Umesikia, Mwalimu? Pontoni kubwa kuliko zote ziwani, na haikuwa na kimota cha mbele.

NAHODHA: Kwa sababu boti hujisogeza. Ikibidi kusukuma ubavuni inakwenda ubavuni. Ikibidi kuvuta, inazunguka mbele. Mzigo ulikuwa mnyama mrefu kuliko nyumba, na kuta zilishika upepo kama tanga. Waliweza kuichagua sehemu ya kushika kila upepo ulipobadilika. Mwalimu ana mota moja, na ikishafungwa haitamzunguka mtu. Ndiyo maana lazima tuichagulie ile sehemu moja inayosaidia nyakati nyingi.

MWALIMU: Haya. Tuseme mbele. Lakini mbele ni upana mzima wa boti. Kona ya kulia? Ya kushoto? Katikati?

KIJANA: Kwa hesabu ni katikati. Ukivuta kutoka kona, boti inataka kuzunguka, na mota inabidi iikunje pua kidogo muda wote ili mwendo unyooke. Umeme unapotea hapo. Kuna jingine: propela inatupa maji nyuma yake kwa nguvu. Ikiwa mbele ya pipa, maji hayo yanaligonga pipa na kuirudisha boti nyuma. Ikiwa kati ya safu mbili, maji yanapita njia tupu.

NAHODHA: Kwa hesabu, ndiyo. Kwa abiria, hapana. Katikati ndipo penye lango. Kule kwetu hakuna gati refu kila mahali. Tunatia pua kwenye nyasi na watu wanashuka mbele. Mama mzee ameshika mkono wa mjukuu, kuna shafti ya chuma katikati ya njia. Sitaki.

FUNDI: Lango naweza kulisogeza.

MWALIMU: Usilisogeze. Nimeshalipia uzio. Je, pembeni mwa lango, lakini kabla ya kulifikia pipa?

FUNDI: Kipo kipande hapo. Kati ya nguzo ya lango na mstari wa ndani wa mapipa ya kulia pana nafasi ya bamba. Na chini yake fremu inapita, sihitaji kuongeza chuma.

KIJANA: Hapo mota inakaa karibu na katikati, maji yake yanapita kwenye njia tupu, na mgeuko wa kujirekebisha ni mdogo.

NAHODHA: Na ni upande wangu wa kuketi. Ninaiona. Hapo nakubali.

MWALIMU: Urefu wa shafti usije ukatuumiza. Nimesikia watu wakinunua fupi, wakarudi na propela inayopiga povu.

KIJANA: Ndiyo kosa linaloonekana zaidi kwa pontoni, kwa sababu sitaha yake iko juu. Pipa lina kipenyo cha karibu sentimita 58. Likizama nusu, zinabaki 29 juu ya maji. Ongeza fremu na mbao, sitaha yako iko karibu sentimita 45 juu ya maji. Propela inafaa izame sentimita 30 hivi, la sivyo inavuta hewa, inapiga kelele na haisukumi kitu. Ongeza mawimbi. Shafti ya inchi 54, sentimita 137, ndiyo saizi yake. Ile ya inchi 36 wanayouzia mitumbwi midogo usiiguse.

NAHODHA: Na usipime boti ikiwa imejaa watu tu. Ikiwa tupu inapanda juu. Abiria wote wakikimbilia nyuma kumtazama mamba, pua inanyanyuka na propela inachomoka. Pima hali mbaya.

FUNDI: Mota iliyo nyuma haina shida hiyo.

NAHODHA: Ina nyingine. Furukombe akishuka, wote wanakimbia mbele, nyuma inanyanyuka. Propela ya nyuma inachomoka wakati uleule ninapoihitaji.

MWALIMU: Hilo la uzito ndilo linaloninyima usingizi. Abiria wanane wakiwa mbele, mota iko mbele, mkiweka na betri mbele, si tutazamisha pua?

KIJANA: Mafundi wenzangu wangependa betri ziwe karibu na mota. Waya mrefu unakula volti. Mota hii ikikazwa hadi mwisho inavuta ampea zipatazo 56. Waya wa milimita za mraba 16, mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza kama volti 0.6. Kwa mfumo wa volti 24 hiyo ni chini ya asilimia 3. Ukipandisha waya hadi 25, unapoteza volti 0.4. Hasara ndogo. Kama ungechagua mota ya volti 12, volti hizohizo zingekuwa hasara mara mbili, na ningekulazimisha uweke betri mbele.

MWALIMU: Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Betri ziende katikati, chini ya benchi.

KIJANA: Na ziwe za lithiamu. Betri mbili za risasi za ampea-saa 100 zina karibu kilo 60, ambazo ni abiria mmoja asiyelipa nauli. Za lithiamu ni kama kilo 25 zote mbili. Fyuzi ya kujikata ikae karibu na betri, si karibu na mota, kwa sababu waya ukikwaruzwa njiani moto utaanzia kwenye waya. Ukikaza hadi mwisho chaji haifiki saa mbili. Ukienda taratibu, na taratibu ndiyo kazi yake, unamaliza asubuhi nzima.

FUNDI: Mwalimu, na mimi nina la mwinuko. Injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Hapa Eldoret, mita 2,100, tukiiwasha kwenye pipa la maji tutadhani ni dhaifu. Kule Baringo, mita 1,000 hivi, itapata pumzi. Mota ya umeme haijali mwinuko.

NAHODHA: Kweli. Ila kitu ambacho hakiwezi kupimwa hapa hata kidogo ni upepo wa ziwa. Asubuhi maji ni kioo. Kila mota ni nzuri asubuhi. Ninaomba jaribio lifanywe saa tisa alasiri.

MWALIMU: Jaribio vipi, kabla ya kutoboa sitaha yangu?

FUNDI: Hilo ni langu. Nitatengeneza bamba la muda, nilibane kwa jiliwa mbili. Siku hiyohiyo tunalifunga nyuma, kisha mbele pembeni mwa lango. Watu walewale, upepo uleule. Nahodha aisimamishe boti mbele ya mti mmoja kwa dakika tano kila mara, na Mwalimu ahesabu mara ngapi pua imeukimbia mti. Pakishinda nyuma, nyuma. Pakishinda mbele, nitatoboa mwenyewe na sitasema neno.

NAHODHA: Nakubali. Ila mkono uwe wa kuchomoleka. Tukitia pua kwenye nyasi unachomolewa. Jioni mota inalala nyumbani, si ziwani.

KIJANA: Hata kwa wizi ni bora.

MWALIMU: Na kwa ukaguzi. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayokagua boti na usalama wa abiria, hata kwenye maziwa ya bara. Nikikaguliwa nataka mota isiwe imeziba njia ya kutokea, na majaketi ya kuokolea yawe mahali panapofikika. Fundi, kuna neno lililobaki moyoni?

FUNDI: Moja. Mkinipa boti ya kubeba mchanga na magunia kwenda visiwani, mota itakaa nyuma, na hapo msinibishie. Mzigo haupigi picha.

NAHODHA: Hapo mimi ndiye nitakayeibeba hadi nyuma. Boti ya magunia inakwenda na kurudi. Haina sababu ya kusimama.

Mabishano haya, ukiyasikiliza vizuri, hayakuhusu mota. Fundi alikuwa akifikiria boti inayokwenda: ina nahodha nyuma, mzigo katikati, na njia iliyonyooka. Kwa boti hiyo hoja zake zote ni sahihi, na ndiyo maana mitumbwi ya Ziwa Victoria haijaziacha. Nahodha alikuwa akifikiria boti iliyosimama penye upepo, ambayo uzio na turubai vimeigeuza kuwa tanga. Kwa boti hiyo, nguvu inayovuta kutoka mbele ina faida ambayo ukubwa wa mota hauwezi kuinunua.

Mnunuzi wa mota ya aina hii hujiuliza kwanza itamfikisha wapi na kwa kasi gani. Injini ya petroli imeshajibu hayo. Ya umeme inanunuliwa kwa dakika zile ambazo boti haiendi popote: mvuvi anaposhusha ndoano, mgeni anaponyanyua kamera, nahodha anapongoja kiboko apite. Kwa hiyo swali la kwanza ni je, boti ikisimama inatazama wapi, na nani anataka iendelee kutazama huko? Jibu likipatikana, mahali pa mota panabaki pachache. Ndipo zinafuata njia ya abiria, urefu wa shafti, uzito wa betri na unene wa waya, na kila kimoja kinaweza kulisogeza bamba sentimita chache kulia au kushoto, lakini si kulihamisha kutoka ncha moja ya boti hadi nyingine.

Kwa boti ya Mwalimu hukumu yangu ni omo, yaani mbele: pembeni mwa lango, ndani ya mstari wa mapipa ya kulia, kwa mkono wa kuchomoleka, betri zikiwa chini ya benchi la katikati. Kwa boti ya magunia ni tezi, yaani nyuma, na Fundi asibishiwe. Kwa yule ambaye boti yake inafanya kazi zote mbili, aangalie ni ipi inayomlipa, ajaribu kwa jiliwa saa ya upepo, kisha ndipo amkabidhi fundi keekee.